Bei Mpya ya Taa Nyekundu

Mwaka 2025 ulipoanza, Ho Chi Minh City ilikwama. Amri ya serikali ya Vietnam namba 168, iliyotolewa siku chache tu kabla ya mwaka kwisha, ilianza kazi Januari 1, na faini zake zilikuwa za kutisha. Pikipiki iliyopita taa nyekundu ilizoea kutozwa kati ya dong 800,000 na milioni 1. Sasa ikawa kati ya milioni 4 na 6. Kwa gari dogo, faini iliyokuwa milioni 4 hadi 6 ikarushwa mpaka milioni 18 hadi 20. Kupandisha pikipiki kwenye njia ya waenda kwa miguu, ambako ndiko kila mtu alikokimbilia foleni ikibana, nako kukawekewa milioni 4 hadi 6. Ukitaka kujua uzito wake, kipato cha wastani cha mfanyakazi wa Vietnam mwaka 2024 kilikuwa kama dong milioni 7.7 kwa mwezi. Haraka ya sekunde tatu kwenye makutano ingeweza kula zaidi ya nusu ya mshahara.

Watu wakatii, tena wakatii mno. Pikipiki zikasimama nyuma ya mstari mweupe zikingoja hata pale ambapo njia ilikuwa wazi. Waliozoea kukunja kulia taa ikiwa nyekundu wakaacha, na waliozoea kupita juu ya njia ya miguu wakarudi barabarani. Foleni za jioni zikarefuka kuliko watu walivyowahi kuziona. Zikasikika hata habari za madereva kusita kuipisha ambulansi, kwa hofu kwamba kamera ingewanasa wakivuka mstari. Serikali ya jiji ikalazimika kufunga haraka taa na vibao vya kuruhusu pikipiki kukunja kulia kwenye makutano ambayo hayakuwa navyo. Ndani ya majuma machache ikawa dhahiri kwamba jiji lile lilikuwa likienda kwa sababu watu walivunja sheria. Uvunjaji ule ulikuwa sehemu ya mpango wake wa usafiri, ingawa hakuna mhandisi aliyewahi kuuchora.

Amri hiyo haikuja peke yake. Amri nyingine ya wakati huohuo iliruhusu raia anayepeleka polisi taarifa ya kosa la barabarani kulipwa hadi asilimia 10 ya faini, isizidi dong milioni 5. Leseni nazo zikapewa pointi 12 za kupunguzwa kosa kwa kosa. Pata picha: faini kubwa, jirani mwenye simu mkononi, na leseni inayomomonyoka. Ni mfano mkali wa jambo ambalo sasa limeenea duniani.

Kuwait ilifuata Aprili 22 ya mwaka huohuo kwa kubadilisha sheria iliyokuwepo tangu 1976. Kushika simu ukiendesha kulitoka dinari 5 hadi 75, kupita taa nyekundu kutoka 50 hadi 150, na kuegesha gari mahali pa walemavu kutoka 10 hadi 150. Italia ilikuwa imetangulia Desemba 2024, ambapo faini ya chini ya kushika simu ilitoka yuro 165 ikafika 250, na leseni inaweza kusimamishwa hata kwa kosa la kwanza. Ujerumani ilipandisha faini nyingi za orodha yake Novemba 2021. Jimbo la Queensland, Australia, lilifika dola 1,000 za huko kwa kosa la simu Februari 2020. Japani, ambayo kwa miaka mingi kwa kawaida iliwaonya tu waendesha baiskeli, imewaandalia nao tiketi ya faini kuanzia Aprili 2026, na anayekanyaga pedali huku simu iko mkononi atatoa yeni 12,000.

Kwa nini sasa? Sababu moja ni ya kihesabu tu. Faini ikiandikwa ndani ya sheria kwa tarakimu, mfumuko wa bei huila kimyakimya. India iliishi na sheria ya mwaka 1988 ambayo asiyevaa kofia ngumu alitoa rupia 100, kiasi ambacho baada ya miaka 30 kilikuwa kama nauli ya kwenda sokoni. Sababu ya pili ni simu, ambayo wakati sheria nyingi zinatungwa haikuwepo, na ambayo sasa imo mikononi mwa karibu kila dereva. Ya tatu ni vifo vyenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, asilimia 92 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hakuna kitu kinachoua vijana na watoto wa miaka 5 hadi 29 kuliko barabara. Nchi zimeahidi Umoja wa Mataifa kwamba zitavipunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo 2030, na tarehe inakaribia.

Ipo sababu nyingine ambayo mawaziri hawaitaji. Kupandisha faini ni rahisi. Hakuhitaji kuajiri askari, kununua kamera wala kujenga tuta hata moja. Unabadilisha tarakimu, unaitisha waandishi wa habari, na kesho yake magazeti yanaandika kwamba serikali imekaza uzi. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua kama sheria mpya itaokoa maisha asianze kwa kusoma kiwango cha faini.

Cesare Beccaria, mwanasheria wa Milano, aliandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mkosaji ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Miaka mia mbili baadaye mwanauchumi Gary Becker aliliweka wazo hilo katika hesabu, na kisa chake kinapendeza kwa sababu kilianzia barabarani. Alikuwa akielekea Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kumtahini mwanafunzi, na alikuwa amechelewa. Akapima: alipie maegesho, au aache gari mahali pasiporuhusiwa na abahatishe? Aliliacha hapo. Alipokuwa akitembea kuelekea kwenye mtihani akaanza kuwaza kwamba hata wakuu wa jiji walikuwa na hesabu yao, wakipima wakague mara ngapi na watoze kiasi gani. Makala yake ya 1968 iliyotokana na mawazo hayo ilimpa sehemu ya sifa iliyompeleka kwenye Tuzo ya Nobel ya 1992. Ukiifuata hesabu yake mpaka mwisho, serikali yenye askari wachache inaweza kufidia upungufu huo kwa faini kubwa: mkamate mmoja kati ya mia, lakini mtoze mara mia. Serikali nyingi hazijamsoma Becker, lakini zinaishi kwa hesabu hii.

Shida ni kwamba dereva hapigi hesabu hivyo. Anayejua kwamba njia ile haina trafiki tangu Jumatatu hazidishi uwezekano mdogo kwa kiasi kikubwa. Anasema tu, leo hawapo. Uingereza ilijifunza hilo mapema. Mwaka 1967 waziri wa uchukuzi Barbara Castle alipitisha sheria ya kipima ulevi, ikiambatana na kelele nyingi za magazeti, na vifo vya barabarani vilishuka, hasa usiku wa mwisho wa juma. Mwanasosholojia wa Marekani H. Laurence Ross alizifuatilia takwimu zile kwa miaka, akaona nafuu ile ikififia. Watu walikuwa wameogopa sheria waliyoisikia redioni. Walipokaa nayo wakagundua kwamba kupimwa ni kwa bahati mbaya sana, na vilabu vya pombe vikarudia hali yao ya zamani.

New South Wales, Australia, ilichukua njia nyingine. Kuanzia Desemba 1982 polisi waliruhusiwa kumsimamisha dereva yeyote na kumpima ulevi bila ya kumshuku chochote, na wakafanya hivyo kwa wingi: katika mwaka wa kwanza walipima takriban mara milioni moja, katika jimbo lenye madereva milioni tatu hivi. Kila mtu alipimwa, au alikuwa na shemeji aliyepimwa. Vifo vilishuka na safari hii havikurudi juu. Vietnam yenyewe inao mfano wa zamani wa aina hii. Desemba 15, 2007 kofia ngumu zilipofanywa lazima kwenye kila barabara, askari walikuwa kwenye kona tangu asubuhi ya kwanza, na uvaaji uliokuwa wa watu wachache ukapita asilimia 90 karibu kwa usiku mmoja. Faini ya kofia wakati ule haikukaribia hata kidogo hizi za 2025.

Mtafiti Rune Elvik wa Norway alikusanya tafiti za nchi kadhaa kuhusu kupandisha faini, na matokeo yake yangepaswa kubandikwa kwenye kila wizara ya uchukuzi. Nyongeza ya chini ya nusu haikuonekana kubadilisha kitu. Nyongeza ya asilimia 50 hadi 100 iliendana na makosa kupungua kwa asilimia 15 hivi. Faini iliyozidishwa kupita maradufu haikuleta nafuu zaidi. Makosa yaliongezeka kidogo. Sababu haziko mbali. Askari anayejua kwamba tiketi moja itamfilisi mtu husita kuiandika, hakimu hutafuta mwanya, na aliyekamatwa hukata rufaa badala ya kulipa. Nami naongeza: hutafuta pia namna ya kuzungumza na askari pembeni, jambo ambalo tutalifikia.

Kamera ndizo zilizofanya uhakika wa Beccaria uwezekane. Ufaransa ilizifunga za kwanza Oktoba 2003, baada ya Rais Jacques Chirac kutangaza mwaka uliotangulia kwamba usalama barabarani ungekuwa moja ya kazi zake kuu. Mwaka 2002 barabara za Ufaransa ziliua watu zaidi ya 7,500. Mwaka 2010 walikuwa chini ya 4,000. Kamera haikuwa peke yake katika kazi hiyo, lakini ilikuwa kiini chake, na faini iliyotumwa nyumbani kwa kosa dogo la mwendo haikuwa ya kuua mtu: aliyelipa mapema alitoa yuro 45 kwenye barabara ya nje ya mji. Ila barua ilikuja. Ilikuja kila mara, haikumjua mbunge wala mtoto wa nani.

Kisha serikali ikaharibu imani. Julai 2018 mwendo wa juu kwenye barabara za mashambani ulishushwa kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 80, uamuzi wa Paris uliowaangukia watu wanaoishi mbali na treni na wanaolitegemea gari kwa kila kitu, huku ushuru wa mafuta ukipanda. Waandamanaji wa vizibao vya njano walipotoka mitaani Novemba, kamera zikawa shabaha: zilipakwa rangi, zikafunikwa mifuko, zikachomwa moto. Januari 2019 waziri wa mambo ya ndani alikiri kwamba karibu asilimia 60 zilikuwa zimeharibiwa. Kamera zilezile zilizookoa watu zilionekana sasa kama sanduku la kukusanyia kodi. New South Wales nayo iliingia mtego huo kwa mlango mwingine: ilipoondoa vibao vya kuonya kuhusu kamera zinazohamahama mwishoni mwa 2020, makusanyo yakapaa, wananchi wakafoka, na vibao vikarudishwa. Kitaalamu, kuviondoa kulikuwa sahihi, kwa kuwa dereva asiyejua kamera iko wapi hupunguza mwendo kila mahali. Lakini usahihi usioaminiwa haukai madarakani.

Swali linalonisumbua zaidi ni la uzito. Faini moja haiwi na uzito mmoja kwa kila mtu, na nchi chache tu zimeamua kulikabili jambo hilo waziwazi. Finland imetumia faini za siku tangu 1921. Kosa linahesabiwa kwa idadi ya siku, na thamani ya kila siku inatokana na kipato cha mkosaji, ambacho polisi wanaweza kukiona kwenye kumbukumbu za kodi palepale barabarani. Makosa madogo ya mwendo yana bei moja kwa wote, lakini ukizidisha zaidi ya kilomita 20 unaingia kwenye mizani ya kipato. Juni 2023 tajiri Anders Wiklöf wa visiwa vya Åland alikutwa akienda kilomita 82 kwa saa mahali pa 50, akatozwa yuro 121,000. Si mara yake ya kwanza; mwaka 2013 na 2018 alilipa makumi ya maelfu vilevile. Uswisi nayo ilimtoza mwenye Ferrari karibu faranga 299,000 mwaka 2010 kwa mwendo wa kasi katika jimbo la St. Gallen.

Uingereza imekwenda nusu ya njia. Tangu Aprili 2017 mahakama hupima faini ya mwendo kwa mshahara wa wiki, na kwa makosa mabaya zaidi kianzio ni asilimia 150. Lakini sheria imeweka dari: pauni 1,000, au 2,500 kwenye barabara kuu za mwendo kasi. Mwalimu anaumia kwa wiki yake na nusu. Mwenye kampuni anafika darini na kuendelea na safari. Kwa tajiri kama huyo faini ni gharama ya usafiri. New York imeonyesha tabia hiyo peupe. Kamera zake za karibu na shule, zinazofanya kazi saa 24 tangu Agosti 2022, hutoza dola 50 tu, na wengi wanaopigwa mara moja au mbili hawarudii. Lakini yapo magari yenye tiketi zaidi ya mia kwa mwaka, kwa kuwa tiketi ya kamera haimpunguzii mtu pointi za leseni. Mwenye gari hilo ameshaihesabu faini yake, akaona analimudu eneo lile la shule.

Hapo ndipo Denmark ilipoona fedha hazitoshi. Tangu mwisho wa Machi 2021 inataifisha magari ya waendesha ovyo, hata kama gari si lao. Oktoba ya mwaka huo mtu aliyekuwa ametoka kununua Lamborghini Ujerumani akilipeleka Norway alikamatwa njiani, ndani ya Denmark, akienda kilomita 236 kwa saa. Gari lilichukuliwa kabla halijafika nyumbani. Austria ilifuata mwaka 2024. Napenda sheria hizi kuliko nipendavyo faini kubwa, kwa sababu moja: zinamgusa mwenye gari la thamani pale anapoumia. Lakini maskini aliyeazima gari la mjomba naye yumo ndani ya sheria hiyo ya Denmark.

Upande wa pili wa mizani kuna mtu aliyekamatwa Gurugram, India. Septemba 1, 2019 faini mpya za nchi hiyo zilianza, mara kumi kwa kofia na mkanda, rupia 5,000 kwa kukosa leseni, 10,000 kwa ulevi. Ndani ya siku chache alisimamishwa mwenye skuta bila kofia, leseni, kadi ya usajili, bima wala cheti cha moshi. Jumla ilikuwa rupia 23,000. Mwenyewe alisema skuta ile haikuzidi 15,000. Huko Delhi mwingine aliichoma pikipiki yake barabarani. Majimbo yakaanza kujitoa: Gujarat ilikata faini ya kofia kwa nusu katika mwezi huohuo, West Bengal na mengine yakagoma kabisa kwa muda. Nitin Gadkari, waziri wa barabara wa India, alikuwa na hoja, kwani India inapoteza watu zaidi ya laki moja kila mwaka barabarani. Lakini alikuwa amepandisha faini kutoka 100 hadi 1,000 kwa hatua moja, na wanasiasa wa majimbo, wenye uchaguzi mbele yao, ndio waliotakiwa kuisimamia.

Nchi za Ghuba ndizo zinazotuhusu kwa karibu, maana ndiko waliko dada na kaka zetu wengi kutoka Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, wakiendesha mabasi, malori, teksi na pikipiki za kupeleka chakula. Rudi kwenye zile dinari 75 za simu za Kuwait. Kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi ya Kuwait ni dinari 75 kwa mwezi. Cha mfanyakazi wa nyumbani ni 60. Dereva wa nyumbani anayepokea simu ya mama mwenye nyumba akiwa kwenye usukani amelipia mazungumzo hayo kwa mwezi mzima na siku zaidi. Hapo huwa inazuka hoja ya nani alipe, mwenye gari au mwenye leseni, na katika mabishano kati ya mwajiri na mtu ambaye ukaazi wake unategemea mwajiri huyohuyo, sote tunajua yanaishaje. Tangu Agosti 2023 Kuwait pia inamtaka mgeni alipe deni lake la faini kabla ya kuondoka nchini. Mtu anafika uwanja wa ndege na masanduku ya zawadi, anaambiwa arudi dirishani.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulitunga sheria mpya iliyoanza Machi 29, 2025. Humo hata mtembea kwa miguu amewekwa: anayevuka mahali pasiporuhusiwa kwenye barabara ya kilomita 80 kwa saa au zaidi, kukitokea ajali, anaweza kufungwa kwa muda usiopungua miezi mitatu na kutozwa dirham 10,000 au zaidi. Ukitaka kulikomboa gari lililoshikwa Dubai kwa kupita taa nyekundu vibaya, unaweza kutakiwa dirham 50,000. Wanaovuka kwa miguu barabara zile ni nani? Si wenye magari. Ni wajenzi na wafagiaji wanaotoka kambini kwenda dukani, mahali ambapo daraja la watembea kwa miguu liko mbali kwenye joto la nyuzi 45.

Lakini nchi hizohizo zina kitu kinachonishangaza, nacho ni msamaha. Aprili 2024 Saudi Arabia ilitangaza punguzo la asilimia 50 kwa faini zilizolimbikizwa, kwa atakayelipa ndani ya miezi kadhaa. Abu Dhabi hutoa asilimia 35 kwa anayelipa ndani ya siku 60, na baadhi ya emirati hupunguza nusu zinapokaribia sikukuu ya taifa ya Desemba. Kumpunguzia anayelipa haraka kuna maana, kama Ufaransa inavyofanya. Kusamehe madeni ya zamani kwa msimu ni jambo jingine. Linamfundisha dereva mwenye akili kungoja, na linamtia hasara yule aliyelipa mwezi uliopita kwa utii.

Wanaokwenda kaskazini wanakuta mfumo mwingine. Mwaka 2024 kundi dogo la madereva wa Kenya walipelekwa Flensburg, Ujerumani, kujifunza kuendesha mabasi ya mjini, na Septemba ya mwaka huo Kenya na Ujerumani zikatiliana saini mpango wa ajira huko Berlin. Ni sadfa ya ajabu kidogo, maana Flensburg ndiko yanakowekwa madaftari ya pointi za madereva wa Ujerumani nzima. Ukifika 8, leseni imekwenda. Pointi ya kosa dogo inakaa miaka miwili na nusu, za makosa makubwa zaidi hukaa mitano hata kumi. Kwa mtu ambaye kibali chake cha kuishi kimefungwa kwenye kazi ya udereva, faini yenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya adhabu.

Sasa tuutazame mkono unaopokea faini. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti ya uchunguzi wake kuhusu mji wa Ferguson, Missouri, ambako kijana Michael Brown alikuwa ameuawa na polisi mwaka uliotangulia. Mji wenyewe una watu kama 21,000. Wachunguzi walikuta polisi na mahakama wakisukumwa na viongozi wa mji kukusanya mapato ya faini, na hati za kukamatwa ambazo hazijatekelezwa zikiwahusu watu zaidi ya 16,000, wengi wao kwa tiketi za barabarani ambazo hawakuzilipa. Kamera nayo haina kinga: Chicago, iliyojivunia mtandao mkubwa wa kamera za taa nyekundu, ilishuhudia afisa wake wa zamani akipewa kifungo cha miaka 10 mwaka 2016 kwa kuhongwa na kampuni iliyouza kamera hizo.

Hongo ya barabarani kwetu haihitaji uchunguzi wa wizara. Tanzania faini ya papo kwa papo ya gari ni shilingi 30,000, na kila abiria wa basi la mkoani anajua kwamba mazungumzo huanzia chini ya hapo. Chukua mfano wa kufikirika: faini ipande kesho iwe 300,000. Askari hajaongezewa mshahara, tochi za kupimia mwendo hazijaongezeka, kilichopanda ni bei ya mazungumzo. Hii ndiyo hasara ya faini kubwa inayokusanywa na mtu aliyesimama peke yake juani. Ndiyo pia hoja nzuri ya kamera, kwa sharti kwamba kamera iaminike. Uganda ilijaribu Juni 2025, ikaanza kutuma faini za moja kwa moja kwa kutumia namba za kidijitali za magari zilizoletwa kwa mkataba na kampuni ya Urusi. Kelele zilikuwa kubwa: faini zinauma, vibao vya mwendo havieleweki, ujumbe wa faini ya pili unafika kabla mtu hajalipa ya kwanza. Mpango ulisitishwa mwezi huohuo ili upitiwe upya.

Lakini barabara iliyochorwa vibaya haisahihishwi kwa tiketi. Mhandisi wa Sweden Göran Nilsson alionyesha zamani kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, ajali za kuua hupanda kwa asilimia kama 4, na nchi yake mwaka 1997 ikaamua kisheria kwamba barabara zipangwe ili kosa la binadamu lisimuue. Helsinki ilikaa miezi kumi na miwili, mpaka Julai 2025, bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani. Jiji hilo miaka ya 1980 lilizika watu kama 30 kwa mwaka. Ni kweli Finland ina faini maarufu, na kamera pia, ila maafisa wa jiji walipoulizwa walitaja zaidi mwendo wa kilomita 30 kwenye zaidi ya nusu ya mitaa, barabara zilizofanywa nyembamba, na usafiri wa umma unaowafanya watu waache magari.

Na hili ndilo gumu kisiasa kuliko faini yoyote. Waziri anayepandisha faini anawaudhi waliokamatwa, ambao si wengi na hawana wa kuwahurumia. Anayeshusha mwendo anamgusa kila mtu kila asubuhi. Wales ilishusha mwendo wa mitaa ya makazi kutoka maili 30 kwa saa hadi 20 mnamo Septemba 17, 2023. Watu karibu 470,000 walitia saini ombi la kupinga, kubwa kuliko yote yaliyowahi kufikishwa kwenye bunge lao, katika nchi yenye watu milioni 3 hivi. Ajali na majeruhi kwenye mitaa hiyo vilipungua. Hata hivyo mwaka uliofuata waziri mpya wa uchukuzi aliziruhusu halmashauri zichague barabara za kurudisha kwenye maili 30.